Simu, Panya wa Maabara na Afya Yetu

(Maneno kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira)



 

Jambo la leo mliliomba wenyewe. Katika ziara zetu kwa vikundi, kutoka Keroka na Nyansiongo mpaka Suneka na Ogembo, tumeulizwa swali hili mara nyingi: Je, simu inaleta kansa? Wengine wanauliza kwa sababu kampuni inataka kukodi kipande cha shamba ili isimamishe mnara, ule ambao wengi tunauita busta. Wengine ni kina mama wanaoweka simu kifuani pamoja na pesa za chama. Na wengine wamesikia ya kwamba huko ng'ambo panya waliwekewa simu, na wote wakafa.

Tutaanza na hao panya, kwa maana habari yao si uongo mtupu. Majaribio yalifanywa kweli. Lakini habari ikitoka maabara, ikapita mjini, ikapita sokoni, hufika kwetu ikiwa imetiwa chumvi nyingi. Yafaa tuichukue kama ilivyotoka jikoni.

1. Mawimbi ya simu ni kitu gani?

Ukiongea, simu inageuza sauti yako kuwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo huenda mpaka kwenye mnara, na mnara unayapeleka mbele. Ni ya jamii moja na mawimbi yanayotuletea matangazo ya redio nyumbani.

Tusiyachanganye na eksirei. Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe za urithi ndani ya mwili, ndiyo sababu mama mjamzito hapigwi eksirei ovyo ovyo. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja namna hiyo. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba yakiwa mengi yanapasha joto. Jiko la maikrowevu la hotelini linapasha chakula kwa mawimbi ya jamii hiyo hiyo, lakini hilo hutumia wati mamia kadhaa ndani ya sanduku lililofungwa. Simu ndogo ya kabambe, hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa kwa wastani robo ya wati.

Wataalamu walipima wanyama wa maabara wakaona hivi: mnyama akipata wati 4 kwa kila kilo ya uzito wake, joto la mwili linapanda karibu nyuzi 1, naye anaanza kuacha kazi aliyofundishwa. Hapo ndipo viwango vya usalama vya kimataifa vilipopatikana. Kwa mwili mzima, mwananchi wa kawaida hatakiwi kupata zaidi ya wati 0.08 kwa kilo. Hiyo ni mara 50 chini ya kile kilichomsumbua mnyama.

Basi juu ya joto hakuna mabishano. Mabishano ni haya: je, mawimbi yanaweza kudhuru mwili taratibu, kwa miaka mingi, hata bila kupasha joto kubwa? Hilo ndilo panya waliulizwa.

2. Panya walifanywa nini?

Tutataja majaribio machache tu, yale makubwa.

La kwanza ni la Adelaide, nchini Australia, mwaka 1997. Watafiti walichukua panya wadogo waliozaliwa na urithi unaowafanya wapate kansa ya tezi kwa urahisi. Kundi moja likapigwa mawimbi nusu saa mara mbili kwa siku, kwa muda wa mpaka miezi 18. Kundi lingine likaachwa. Wale waliopigwa mawimbi walipata kansa hiyo zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Magazeti yakapiga kelele sana. Lakini mwaka 2002 watafiti wengine huko huko Australia walirudia kazi hiyo kwa panya wengi zaidi, na ile tofauti haikuonekana. Kelele za mara ya pili hazikuwa kubwa. Habari ya hofu huenda kwa pikipiki, ya kutuliza huja kwa miguu.

La pili ni la Marekani, lililofanywa na Mpango wa Taifa wa Sumu, na ripoti zake za mwisho zikatolewa Novemba 2018. Lilichukua zaidi ya miaka 10 na lilikula karibu dola milioni 30. Panya wakubwa waliwekwa katika vyumba maalum, mawimbi yakawapiga mwili mzima, dakika 10 yanawaka na dakika 10 yanazimwa, jumla ya saa 9 kila siku. Walianza wakiwa bado tumboni mwa mama zao, wakaendelea mpaka miaka 2, ambao kwa panya ni uzee.

Walipata nini? Kati ya panya dume 90 waliopata kiasi cha juu kabisa, 5 au 6 walipata uvimbe wa kansa kwenye neva za moyo. Katika lile kundi la dume 90 ambao hawakupigwa mawimbi, hakuna hata mmoja aliyepata. Kulikuwa pia na dalili kidogo za uvimbe wa ubongo kwa dume. Kwa panya jike, na kwa panya wadogo wa jinsia zote mbili, hakikupatikana kitu cha wazi. Watoto wa panya waliozaliwa na mama waliopigwa mawimbi walikuwa na uzito mdogo, lakini baadaye walikua kama wengine.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hawaambiwi. Panya dume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa. Kwa hiyo yule anayesema panya wote walikufa, hakusoma ripoti. Wala hii haina maana kwamba simu inarefusha maisha! Inaonyesha tu kwamba matokeo ya maabara si rahisi kuyasoma kama tangazo la ukutani.

La tatu ni la Taasisi ya Ramazzini, huko Bologna, Italia, mwaka huo huo wa 2018. Hapa panya walikuwa 2,448, na mawimbi yalifanana na yale ya mnara, saa 19 kwa siku, tangu tumboni mpaka wafe wenyewe. Kiasi chao kilikuwa kidogo kuliko cha Marekani. Hata hivyo, dume wa kundi la juu kabisa walipata uvimbe ule ule wa neva za moyo kuliko wenzao.

Maabara mbili, nchi mbili, uvimbe wa aina moja. Ndiyo sababu hatuwezi kusema, “Hayo ni mambo ya panya, tuyatupe.” Mwaka 2025 wataalamu waliopewa kazi na Shirika la Afya Duniani kupitia majaribio ya wanyama walisema ushahidi wa uvimbe wa moyo na wa ubongo kwa panya dume ni wa kuaminika. Wenzao wengine hawakukubali. Mjadala bado uko mezani.

3. Maswali manne

Tungependa kila mwanakikundi atoke hapa na maswali manne. Ukisikia habari yoyote ya namna hii, ya simu, ya dawa, ya mbolea au ya chanjo, uliza:

*Kiasi gani?* Hata chumvi ikizidi ni sumu. Kiasi cha chini kabisa walichopewa panya wa Marekani kililingana na kile cha juu kabisa ambacho sheria ya huko inaruhusu kifike kwenye sehemu ndogo ya mwili wa mwenye simu. Kile cha juu kilikuwa mara 4 zaidi. Na panya walikipata mwili mzima, si sikioni tu.

*Muda gani?* Saa 9 kila siku, maisha yote. Nani kati yetu ana salio la namna hiyo?

*Ukilinganisha na nani?* Panya 5 kati ya 90 si neno lenye maana mpaka ujue wale wasioguswa ni wangapi. Mtu akikuambia, “Mnara ulikuja na jirani akaugua,” muulize: kabla ya mnara, wangapi waliugua? Na kule kusiko na mnara ni wangapi?

*Nani amerudia?* Mkulima hapandi shamba zima mbegu mpya kwa kusikia mtu mmoja ilimzalia. Anangoja aone kwa wa pili na wa tatu. Tumeona ya Adelaide: iliporudiwa, haikusimama. Ya uvimbe wa moyo imeonekana mara mbili, kwa hiyo inastahili masikio yetu.

4. Na binadamu je?

Panya si mtu. Mwili wake ni mdogo, mawimbi yanaingia mpaka ndani kabisa. Kwako wewe, nguvu nyingi huishia karibu na mahali ulipoegemeza simu. Kwa hiyo lazima watu nao waangaliwe.

Uingereza, kina mama wapatao 776,000 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 14. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliotumia simu hawakupata uvimbe wa ubongo kuliko wasiotumia. Mwaka 2024 kazi nyingine iliyoombwa na Shirika la Afya Duniani, iliyokusanya utafiti wa miaka mingi, haikupata uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo.

Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka mawimbi haya katika kundi la 2B, maana yake “huenda yakaleta kansa.” Kundi linaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, halionyeshi hatari ni kubwa kiasi gani. Lakini hebu tuangalie majirani. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko kundi la juu zaidi, 2A. Chai ya moto sana, ile ya zaidi ya nyuzi 65, nayo iko 2A. Na sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya iko kundi la 1 pamoja na sigara na pombe. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 Ukambani na sehemu za jirani mwaka 2004. Hiyo si hadithi ya panya.

Basi mama anayeogopa simu huku anapika katika jiko la mafiga matatu lisilo na dirisha, anamfukuza paka na chui amelala sebuleni.

5. Uvumi nao una gharama

Tulimtembelea mama mmoja, mwanachama wa chama cha kuweka akiba. Alikuwa na kivimbe kwenye titi. Majirani walimwambia ni simu anayoiweka hapo, aache tu kuiweka na uvimbe utakwisha. Akatii. Akangoja miezi 7. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umetembea mbali. Wale majirani walimpenda na walitaka kumsaidia. Lakini walimpa jibu kabla ya kupimwa, na jibu hilo lilimla miezi 7.

Sisi wa sehemu hizi tunajua vizuri mahali ambapo jibu bila kipimo linaweza kutufikisha. Oktoba 2021 huko Marani, kina mama wanne wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi mnara na uchawi ni jambo moja. Tunasema njia ya kufikiri ni moja: mtu ameugua, tunatafuta cha kulaumu, na cha kwanza kilicho karibu kinabeba mzigo. Tukizoea kuuliza yale maswali manne juu ya simu, tutazoea kuyauliza pia juu ya jirani.

Kwa hiyo kama kuna kivimbe, damu isiyo ya kawaida, maumivu ya kichwa yasiyokwisha, au macho yanayofifia, usiulize sokoni. Nenda ukapimwe. Kikundi nacho kisimpe mgonjwa jibu, kimpe nauli.

6. Tufanye nini na simu?

Kwa kuwa mjadala haujaisha, hekima ni kupunguza pale ambapo kupunguza hakuna gharama.

Kwanza, umbali. Mawimbi ni kama moto wa kuni: aliye karibu na mafiga anaungua, aliye mlangoni hasikii kitu. Tumia kipaza sauti cha simu au waya wa masikioni, au andika ujumbe. Ukilala, simu iwe mezani, si chini ya mto. Kina mama, simu ipate mfuko wake kwenye mkoba au kwenye aproni.

Pili, netiweki. Hapa kwetu milima ni mingi na mabonde ni marefu. Simu ikiwa bondeni na netiweki ni ya kubahatisha, inaongeza nguvu yake ili ifikie mnara, na nguvu hiyo inatoka karibu na kichwa chako. Ikiwa kuna netiweki nzuri, inashusha nguvu. Kwa hiyo ukiona alama ni moja tu, ongea kwa kifupi, au panda kidogo mlimani ndipo upige.

Tatu, watoto. Wana miaka mingi mbele yao ya kutumia simu. Mazungumzo yao yawe mafupi. Na mama mjamzito asikose kupiga simu kwa kliniki kwa kuogopa mawimbi. Simu hiyo moja inaweza kuokoa watu wawili.

Nne, tusisahau hatari isiyohitaji maabara. Mtu wa bodaboda anayeongea na simu begani huku amebeba abiria wawili haingojei kansa.

7. Na mnara je?

Wengi mnaogopa mnara kuliko simu kwa sababu mnara ni mrefu na unaonekana. Lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mawimbi ya minara yanayowafikia watu yalipimwa yakawa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya kikomo cha kimataifa. Mnara ni kama tochi iliyowekwa juu, mwanga wake unaelekea mbali, si miguuni pake. Tena mnara ukiwa mbali sana, simu yako ndiyo inayolazimika kupaza nguvu. Kwa hiyo kijiji kinachofukuza mnara kwa kuogopa mawimbi kinaweza kujikuta kimeyaongeza sikioni.

Hiyo haina maana mkubali kila kitu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari ifanywe na wakazi wasikilizwe, na NEMA ndiyo inayotoa leseni. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2015 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nakuru iliamua kesi ya mkazi aliyelalamikia mnara wa simu. Jaji alieleza kwamba utaratibu uliowekwa kulinda mazingira usipofuatwa, inachukuliwa kwamba mradi unavunja haki hiyo. Neno kubwa sana hilo kwetu sisi wadogo.

Kampuni ikija, kikundi kiulize:

– Leseni ya NEMA iko wapi? Wakazi waliulizwa lini, na nani aliandika?
– Vipimo vya mawimbi vitafanywa na nani, na sisi tutavionaje?
– Uzio utazuia watoto wasipande?
– Jenereta itawekwa wapi, kelele na mafuta yake yatakwenda wapi? Chemchemi iko umbali gani?
– Kodi ni kiasi gani, inalipwa kwa nani, na mkataba ni wa miaka mingapi?

Mkataba usomwe wote mbele ya wanachama, tena kwa lugha wanayoielewa, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Tumeona vikundi vikivunjika kwa kodi iliyoingia mfukoni mwa mtu mmoja kuliko kwa mawimbi.

Kumalizia

Wapendwa, panya wa maabara wametupa onyo dogo la kweli: kiasi kikubwa, kwa muda mrefu, huenda kikadhuru. Tulichukue onyo hilo kwa ukubwa wake, tusilipunguze wala kuliongeza. Weka simu mbali kidogo na mwili. Toboa dirisha jikoni. Anika mahindi yakauke. Mwenye kivimbe afike hospitali wiki hii.

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni habari gani juu ya simu au minara tumeisikia kijijini kwetu? Tuipitishe katika yale maswali manne. Inabaki nini?
2. Je, kuna mtu kati yetu anayengoja nyumbani na dalili ya ugonjwa? Tutamfikishaje hospitali?
3. Jikoni kwetu kuna hatari gani ambayo tumeizoea mpaka hatuioni?
4. Kampuni ikitaka ardhi yetu kesho, nani atasoma mkataba, na nani atashika kumbukumbu?